Risasi Tatu za Wiley Lathrop

Otto Kessel ndiye aliyekuwa fundi bunduki pekee pale Kivuko cha Cutler, na sisi wote tulijua kwamba ukimpelekea bastola chafu atakutukana kwanza kwa Kijerumani, halafu atakutukana tena kwa lugha unayoielewa. Lakini Jumamosi ile asubuhi, Naibu Sherifu Tobias Renfro alipomwekea mezani bastola ya marehemu Wiley Lathrop, Otto hakutukana. Alifuta mikono kwenye aproni yake ya ngozi akaitazama tu.

"Mnaitakia nini tena?" aliuliza. "Kijana mmeshamzika juzi."

"Mmoja tumemzika. Wa pili jaji anakuja kumhukumu Jumatatu, na kamba imeshanunuliwa."

"Virgil Tackett? Si yeye aliyeua?"

"Ndilo ninalotaka bastola hii iniambie."

"Bastola hazisemi, Toby. Zingesema, nusu ya wateja wangu wangekuwa jela."

Renfro hakucheka. Alikuwa hajalala vizuri tangu Jumanne, na uso wake ulionyesha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wiley Lathrop na Virgil Tackett walikuwa marafiki tangu wakiwa watoto wa kutembea peku. Jumanne ile walikuwa wakirudi na gari la chumvi lililovutwa na nyumbu wawili wa Wiley. Jioni Virgil alifika mjini peke yake, amelowa chapachapa, hana gari, hana nyumbu, akasema Wiley amekufa kwenye kona ya Mwamba Mweupe. Alisema mtu mmoja aliyevaa koti zito la jeshi, na blanketi lililoviringishwa likakatiza kifuani kama walivyolivaa askari wakati wa vita, alitokea kichakani akataka nyumbu. Wiley alichomoa bastola akampiga risasi tatu za kifua, hatua kumi tu. Yule mtu akayumba, akasimama sawasawa, akampiga Wiley moja, ikaingia kifuani ikatokea mgongoni. Virgil, ambaye bastola yake ilikuwa imefunikwa na magunia ya chumvi, alijitupa mtoni.

Watu walimcheka. Nasema kweli, walimcheka na maiti bado iko njiani. Walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, hakuna binadamu anayekula risasi tatu za kifua kutoka kwenye bastola kubwa kama ile akabaki amesimama. Ya pili, usingeweza kusema Wiley alikosa. Yule kijana alikuwa ameshinda fahali wa zawadi kwenye mashindano ya shabaha miaka mitatu mfululizo, hadi wengine walianza kudai apige akiwa amefumba jicho moja zaidi. Basi ikawa Virgil mwongo. Amemuua rafiki yake, ameuza nyumbu, amejilowesha mtoni ili aaminike. Sherifu Haskell Crabtree akamfungia ndani.

Renfro peke yake hakuridhika. Vitani hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa sajini wa ghala la silaha, miaka mitatu ya kunusa baruti na kugombana na makoplo. Mtu wa namna hiyo akisikia hadithi ya risasi, huuliza kwanza imepakiwaje.

Alifungua leso yake juu ya meza ya Otto. Ndani mlikuwa na risasi tatu za duara.

"Umezitoa wapi?"

"Mwamba Mweupe. Siku mbili nimepiga magoti pale na chekeche la mke wangu, nachekecha vumbi la barabara. Jubal Stamper alipita akaniuliza kama naoka mikate."

Otto akavaa miwani. Akaishika ya kwanza kwa koleo dogo, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ya duara, si ya ncha. Risasi laini, haijachanganywa na bati. Na hii alama hapa shingoni, hii ni kalibu ya Wiley ya kumiminia risasi. Ilianguka jikoni kwao mwaka juzi ikapata kovu, nikamwambia ailete niisugue, akasema haina haja, zinakwenda tu." Akaigeuza tena. "Zilikuwa zinakwenda kweli."

"Endelea."

"Imebonyea upande mmoja. Kidogo sana. Risasi laini ikigonga mfupa inakuwa kama chapati. Ikigonga mti inapasuka. Hii..." Akaisogeza karibu na pua. "Hii ina vifumo vya nguo. Unaona? Vimistari, hivi na hivi. Na kuna uzi wa sufu, wa buluu, umebanwa hapa."

"Zote tatu ziko hivyo."

Otto akaziangalia zote tatu. Akairudisha ya mwisho kwenye leso.

"Ziligonga blanketi na koti zikaanguka chini," alisema pole pole. "Toby, mtu angeweza kuzirusha kwa mkono."

"Baruti yenye unyevu?"

"Unyevu hauna adabu hivyo. Baruti ikilowa, moja itawaka vizuri, moja itakohoa, moja haitawaka kabisa. Hizi tatu zimefanya kazi ileile sawasawa. Hii imepimwa."

"Virgil alisema jambo moja ambalo hakuna aliyelijali," Renfro alisema. "Alisema milio ilikuwa midogo."

Otto alivuta bastola karibu. Wiley alikuwa amepakia vyumba vitano na kuacha cha sita kitupu chini ya nyundo, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili anayeendesha gari kwenye barabara zetu. Vitatu vilikuwa vimeshapigwa, vyeusi kwa masizi. Viwili vilikuwa bado, midomo yake imezibwa na mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta ili moto wa chumba kimoja usirukie kingine. Otto alitoa kwanza fataki, vile vikofia vya kuwashia baruti, kwa ukucha, akaziweka mbali. Akachomoa silinda. Akafungua kwa ufunguo mdogo kile kichuchu cha kuvalia fataki kwenye chumba cha nne, akaingiza kijiti cha shaba kutoka nyuma, akasukuma taratibu huku amekinga karatasi nyeupe.

Mafuta yalitoka kwanza, kisha risasi, kisha kikaratasi chembamba kilichofungwa kwa uzi wa buluu. Otto alikipasua kwa kisu.

Ulimwagika unga. Unga wa mahindi, mweupe, laini, ukaendelea kumwagika, na mwishoni kabisa kikatoka kijipunje cha baruti ambacho kisingejaza kofia ya tunda la mwaloni.

"Basi ni za shabaha," Renfro alisema, ingawa hakuamini. Wapiga shabaha wetu wote hufanya hivyo: hupunguza baruti, hujaza unga juu yake ili risasi ikae karibu na mdomo wa chumba, na bastola haipigi teke.

"Za shabaha ni nusu baruti, nusu unga. Hiyo nusu bado inaua ng'ombe." Otto alikisogeza kile kijivumbi cheusi kwa ncha ya kisu. "Hii si ya shabaha. Hii ni ya kufukuzia kuku."

Alikuwa ametabasamu akisema hivyo. Kisha tabasamu likaondoka lenyewe, kwa sababu alikuwa ameutazama ule uzi wa buluu wa kikaratasi.

Renfro naye aliuona. Wakati wa vita hakuna mwanamke wa bonde letu ambaye hakusokota vikaratasi vya baruti mezani kwake, kwa jeshi hili au lile, na kila mmoja alikuwa na mkono wake. Huyu alibandika kwa gundi, yule alikunja pembe. Mmoja tu alifunga kwa uzi wa kushonea mfarishi, mizunguko mitatu, fundo likaingizwa ndani lisionekane.

"Tujaribu kwanza," Renfro alisema.

Walitundika koti kuukuu la jeshi kwenye ubao nyuma ya karakana, wakalikatizia blanketi lililoviringishwa, wakapima hatua kumi. Otto alikipakia upya kile chumba kilichofunguliwa: kipimo kamili kutoka kwenye mdomo wa shaba wa pembe ya baruti, risasi ya duara juu yake, akaishindilia kwa mdeki ulio chini ya mtutu mpaka kijipete chembamba cha risasi kikakatika pembeni, kuonyesha imebana. Akapaka mafuta. Chumba cha tano aliacha kama Wiley alivyokiacha.

Renfro alipiga. Bastola iliruka mkononi, moshi ukajaa uwanja, na ulipotawanyika waliona tundu kwenye blanketi, tundu kwenye koti, na mwanga ukipita kwenye ubao.

Akapiga tena. Ilikuwa kama mtu amepiga mto kwa fimbo. Blanketi lilitikisika. Risasi ilianguka chini ya ubao ikabingirika kidogo kwenye nyasi.

Hakuna aliyeikimbilia. Otto alikwenda mwishowe akaiokota, akaigeuza, akampa Renfro. Vifumo vya nguo, hivi na hivi.

"Nimesikia mlio mmoja na kikohozi kimoja," ilisema sauti nyuma yao. Sherifu Crabtree alikuwa amesimama kwenye kona ya karakana, kidole gumba kwenye mkanda. Alikuwa mtu mnene, si mbaya, lakini alipenda kesi ziishe kabla ya chakula. "Mnacheza nini nyinyi?"

Renfro alimweleza yote: risasi tatu, uzi wa sufu, unga, ubao. Alieleza kwa utaratibu, bila kuruka kitu, isipokuwa ule uzi wa buluu wa kikaratasi.

"Kwa hiyo Virgil anasema kweli," alimalizia. "Mtu mwenye koti yupo. Wiley alimpiga mara tatu, hakuumia."

Sherifu aliingia karakanani, akaugusa ule unga kwa kidole.

"Kwa hiyo Virgil alitia unga," alisema.

"Haskell."

"Wamelala njiani usiku mmoja, wao wawili. Mmoja amesinzia, mwingine ana bastola ya mwenzake mkononi. Akampunguzia baruti, akamwita jamaa yake wa koti, wakagawana nyumbu. Renfro, nilikuwa na kesi ya kamba moja, wewe umeniletea kamba ya pili. Asante sana."

"Unga ulikuwa ndani ya kikaratasi. Kimesokotwa nyumbani, si porini gizani."

"Virgil alisokota vikaratasi wakati wa vita kama sisi sote." Sherifu alivaa kofia vizuri. "Ukiwa na jina jingine la aliyetia unga, niletee. Niletee na mwenye jina, aseme mwenyewe. Vinginevyo Jumatatu nitamwonyesha jaji unga wako, na yule kijana atanyongwa kabla mikate haijapoa."

Akaondoka. Otto alianza kupanga vifaa vyake, akivigusagusa bila sababu.

"Usiende leo, Toby. Kaburi bado udongo mbichi."

"Jumatatu nitakuwa nimechelewa."

"Mimi ningeweza kuapa. Nitasema ule mkono naujua."

"Utaapa juu ya uzi? Watakucheka kama walivyomcheka Virgil."

Otto aliweka koleo chini. Alikuwa akilia, mtu mzima yule, na hakujisumbua kuficha.

Nyumba ya Keziah Lathrop ilikuwa juu ya kilima, maili moja kutoka kwenye kinu. Kila mtu alimwita Shangazi Keziah, hata waliomzidi umri, kwa sababu alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa bonde. Alikuwa na wana watatu. Amos alikufa amevaa buluu ya jeshi la Kaskazini. Hiram alikufa amevaa kijivu cha jeshi la Kusini, mwaka uleule. Wiley alikuwa mdogo mno kwa vita, na watu wakamwambia mama yake, shukuru Mungu, huyu amebaki.

Renfro alimkuta barazani akimenya matufaha ya kukausha. Alivua kofia.

"Umekuja kula au umekuja kuniuliza?" alisema Shangazi.

"Kukuuliza, Shangazi."

"Basi kaa. Kahawa ni ya shayiri, usitegemee makubwa."

Alimmiminia. Renfro alikunywa kidogo, akaweka kikombe chini.

"Wiley alipakia bastola lini?"

"Jumapili, tumetoka kanisani. Alikaa hapohapo ulipokaa."

"Kwa vikaratasi vyako?"

"Amewahi kutumia vya nani?"

"Hakupiga hata moja kujaribu?"

"Na baruti ilivyo ghali? Alikuwa akiniamini." Kisu kiliendelea kuzunguka tufaha. Ganda lilishuka refu, halikukatika.

"Ulitia kiasi gani, Shangazi?"

"Kilekile cha siku zote."

Renfro alitoa mfukoni kile kikaratasi, bado kimefungwa upande mmoja kwa uzi wa buluu, pamoja na unga uliobaki ndani. Alikiweka kwenye meza ndogo kati yao. Mkono wa Shangazi ulisimama.

"Kiondoe."

"Shangazi..."

"Nimekwambia kiondoe mezani kwangu, Tobias. Mimi ndiye niliyekupokea ulipotoka tumboni, usinikodolee macho hivyo."

Alikirudisha mfukoni. Wakakaa. Nyuki walikuwa kwenye maganda ya matufaha, na kwa mbali kinu kilikuwa kinasaga.

"Uliambiwa habari ya mbwa?" alisema Shangazi mwishowe.

"Stamper alimtilia sumu."

"Kwa ajili ya nguruwe wawili ambao alama za masikio zilikuwa zetu, kila mtu anajua. Wiley alimpenda yule mbwa kuliko anavyonipenda mimi. Akasimama mbele ya duka, mbele za watu, akasema siku ya baraza la wenyeji, Stamper akija mjini, atampiga risasi ya kifua. Hiyo siku ni leo, Toby. Ilikuwa leo."

"Nilisikia. Nilidhani ni maneno ya hasira."

"Wewe si mama yake. Wanangu hawana maneno ya hasira. Amos alisema atakwenda, akaenda. Hiram alisema atakwenda, akaenda." Alikiweka kisu chini. "Nikajiambia, huyu atampiga Stamper, na Wiley hakosi, kwa hiyo Stamper atakufa, na Wiley atanyongwa. Nimlilie nani mwingine? Nikachukua kastabini yangu ya kushonea. Nikatia baruti ya kutoa mlio tu na moshi, nikajaza unga, nikafunga vikawa na urefu uleule ili asijue. Nikasema Stamper atakula tatu, ataanguka kwa makalio mbele ya mahakama, atabaki na michubuko, watu watacheka mpaka Krismasi, basi yameisha. Mtu hanyongwi kwa kuchekesha watu."

"Hukujua kwamba atakwenda kuchukua chumvi."

"Walinijia Jumapili jioni. Chumvi imekwisha, Shangazi, tunakwenda na kurudi. Ningesema nini? Nipe bastola, nimekudanganya? Angejua. Angepakia mwenyewe, na leo angekwenda kuua. Nikasema ni siku mbili tu. Nani atamwibia mtu chumvi?"

Renfro alitazama mikono yake mwenyewe.

"Virgil yuko ndani siku ya nne," alisema.

"Najua ni siku ya ngapi."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne ileile. Alisimama pale uani, maji yanamchuruzika, akasema milio ilikuwa midogo. Nyote mlicheka. Mimi sikucheka, Toby, hukuniona? Nilikuwa najishika kwenye nguzo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikiliza. "Kila asubuhi nimevaa kofia yangu nije niseme. Kila asubuhi nimefika pale langoni nikarudi."

"Kwa nini?"

"Virgil akiwa mwongo, mimi ni mama aliyefiwa. Watu wananiletea mikate. Virgil akiwa mkweli, mimi ni nani?"

"Aliyempiga Wiley ni yule mwenye koti," Renfro alisema. "Kidole kilichofyatua ni chake. Hakuna sheria wala mtu atakayesema vingine."

"Aliyempiga ni yeye, najua. Nakwambia habari ya aliyemnyang'anya bastola yake kabla."

Alisimama. Alikung'uta maganda kwenye aproni, akaingia ndani, akatoka amevaa kofia nyeusi. Renfro alimpa mkono washuke ngazi, akaukataa. Lakini walipofika langoni alisimama, na hapo akamshika Renfro mkono wa shati bila kumtazama, wakapita.

Sherifu Crabtree alikuwa akila nyama baridi ya nguruwe na mkate wa mahindi juu ya meza yake ya kazi. Alipomwona Shangazi Keziah alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Keti, Haskell, na uchukue kalamu," alisema Shangazi. "Sitasema mara mbili."

Alisema. Alisema kastabini, na unga, na uzi, na sababu. Sherifu aliandika, mwanzoni haraka, kisha pole pole. Alipofika mwisho alisita.

"Tunaweza kuandika kwamba ulikosea kupima," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Giza, macho, umri. Ingetosha kumtoa kijana."

"Sikukosea. Nilipima vizuri sana. Andika hivyo."

Aliandika hivyo. Shangazi akatia saini, jina lote. Sherifu alikausha wino, akamgeukia Renfro.

"Peleka simu ya telegrafu kwenye kila mji wenye waya, mpaka mpakani. Nyumbu wawili wenye alama ya Lathrop, na mwanamume wa koti la jeshi mwenye michubuko mitatu kifuani. Mpaka sasa haijafutika." Kisha akachukua funguo.

Virgil Tackett alikuwa ameketi kwenye kitanda cha ubao. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na siku nne zilikuwa zimemkondesha. Alisikia mlango ukifunguliwa akainuka, akaushika ukuta, akidhani jaji amefika mapema.

"Uko huru, kijana," Sherifu alisema. "Nimekukosea. Nitalisema mbele ya duka, wote wasikie."

Virgil hakuelewa. Renfro alimweleza kwa maneno machache, yale machache aliyoweza. Kijana alimtazama Shangazi Keziah, na Shangazi alimtazama yeye, na hakuna aliyeonekana kujua nani amsamehe nani.

"Nimekuacha humu ndani siku nne," alisema Shangazi.

"Ndiyo, Shangazi."

"Ningekuacha ufe labda. Sijui. Nisikudanganye."

"Umekuja."

"Nina jambo moja nataka kukuuliza, halafu sitakusumbua tena. Wiley alisema kitu?"

Virgil aliinamisha kichwa. "Nimemwambia Naibu kila kitu."

"Hukuniambia alisema kitu," Renfro alisema.

"Halikuhusu kesi." Aliutazama ukuta. "Wiley hajawahi kukosa maisha yake yote. Sikutaka watu wapite wakisema alikufa anatetemeka."

"Mimi si watu," alisema Shangazi. "Sema."

"Alipiga ya kwanza, yule mtu akabaki amesimama. Akapiga ya pili, bado. Ya tatu. Akaitazama bastola, kisha akanigeukia mimi. Akasema, 'Ni mkono wangu, Virgil. Mama hajawahi kuniangusha, ni mkono wangu tu.' Alikuwa kama anaona aibu. Basi ndipo yule mtu akapiga."

Shangazi Keziah alitafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti, akakaa chini kwenye sakafu ya mbao, kofia ikamwendea upande. Sherifu alitoka nje. Renfro alibaki ameshika mlango, kwa sababu hakujua ashike nini kingine.

"Alidhani amekosa," alisema Shangazi.

"Ndiyo."

"Zote tatu."

"Ndiyo, Shangazi. Twende nyumbani. Nitakupeleka."

"Sema tena."

Virgil alimtazama Renfro.

"Sema tena, mwanangu, kama alivyosema yeye."

Kijana alikaa sakafuni kando yake, akamwekea kofia sawa, akasema tena.